Tununue unga ama mbegu? Jibu kwa mama wa Kadutu

Swali lenyewe, nimelifupisha kidogo: "Papa agronomi, siye ni chama ya ba mama 25 wa Kadutu hapa Bukavu, tuko na AVEC yetu (kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana), na mtoto wetu mmoja mwenye iko Ubelgiji ametutumia dola 3,000 ya kusaidia wakimbizi wa ndani. Tumepata familia 40 zilitoka milima ya Kalehe, sasa zinalala kwa watu huko Kavumu, mu Kabare. Nusu ya ba mama wanasema tununue unga na maharagi tugawe, nusu wanasema hapana, tununue mbegu na majembe juu kugawa chakula ni kuzoesha watu kuomba. Kikao cha mwisho kiliisha na makelele. Tufanye nini, na sezoni B (ya pili ya kupanda mu mwaka) njo hiyo inakuja?"

Mama, asante kwa swali na pole kwa kikao. Nijibu haraka alafu nieleze: vyote viwili, lakini kwa mpango, na mbele ya vyote viwili kuko kitu ya tatu yenye hamukuandika hata kidogo, njo udongo. Hizo familia 40 zitapanda wapi? Mukinunua hata kilo moja ya mbegu mbele ya kujibu hiyo swali, pesa ya mtoto imeenda.

Alafu hiyo maneno ya kuzoesha watu kuomba inaniudhi kidogo, tusameheane. Watu wa milima ya Kalehe ni walimaji kuliko siye wote wa Bukavu. Mama mwenye alilima maharagi tangu utoto wake, akakimbia usiku na mtoto mgongoni, hakosi akili ya kulima, anakosa shamba, anakosa jembe, na anakosa kitu ya kula mu miezi tatu yenye iko katikati ya kupanda na kuvuna. Hiyo miezi tatu njo kazi yenu yote.

Tuanze na hesabu ya chakula juu ba mama wa unga wako na roho nzuri lakini hawajaketi na kalamu. Kipimo chenye PAM (shirika la chakula la UN) na mashirika mengine wanafuata wakati wa shida ni kalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Ukiipeleka mu chakula yetu inakuwa gramu 400 za unga wa mahindi, gramu 120 za maharagi, gramu 30 za mafuta na gramu 5 za chumvi yenye iode. Kwa familia ya watu 6, siku 30, hiyo ni unga kilo 72, maharagi karibu kilo 22, mafuta kilo 5 na nusu, chumvi karibu kilo moja. Zidisha kwa 40. Unga peke yake unafika kilo 2,880, ni kusema saki 115 za kilo 25, kwa mwezi moja tu! Mutume mutu ku soko ya Nyawera aulize bei ya saki leo, azidishe na 115, aongeze maharagi na mafuta na gari ya kupandisha Kavumu, mutaona wenyewe kama dola 3,000 inafika. Na mwezi wa pili watakula nini?

Sasa ba mama wa mbegu wasicheke, hesabu yao njo inakuja. Tuseme mumepata ari 5 kwa kila familia, shamba ya mita 20 kwa 25, kwa upande wa Kavumu hiyo tayari ni bahati. Maharagi mafupi, yale hayapande ku miti, yanaomba karibu kilo 80 kwa hektari, kwa hiyo kilo 4 kwa familia, kilo 160 kwa familia zote 40. Bei ndogo sana, ndiyo maana mbegu inapendeza watu ku kikao. Lakini angalia mavuno. Mimi kwa shamba ya mutu mwenye hana mbolea ya dukani, mvua ikikubali, nahesabia kilo 800 kwa hektari na sipiti hapo, wenye kuwaambia toni 2 waulize walipimia wapi. Ari 5 itatoa kilo 40. Utoe 5 za mbegu ya sezoni ijayo, inabaki 35, na familia ya watu 6 yenye kula gramu 720 kwa siku itaimaliza kwa siku karibu 50. Jasho ya miezi tatu, mboga ya mwezi moja na nusu, na unga wa kutia ku sufuria haujapatikana bado. Ni kitu, hata ni kitu kikubwa kwa mwenye hana kitu, lakini musiwaambie watu na musijiambie ninyi wenyewe ati mumewapa mashamba basi wajitegemee.

Na kuko hatari ingine mu hizo kilo 4. Peleka kilo 4 za maharagi mazuri, mekundu, yenye kuchaguliwa, mu nyumba yenye watoto hawajakula tangu jana jioni. Ni chakula ya siku tano ama sita ile! Mutasema watu wa pale ni wabaya wamekula mbegu, mimi nitasema walifanya yenye mzazi yeyote angefanya. Ndiyo maana PAM na FAO (shirika la kilimo la UN) wakifanya kazi pamoja, moja analeta mbegu mwengine analeta rasio (kipimo cha chakula) ya kulinda ile mbegu, siku ile ile ama wiki ile ile. Chakula njo mlinzi wa mbegu. Ukitenganisha hizo mbili umegawa chakula ya bei kali, basi.

Hapa nisimame juu ya kitu moja ya hatari kabisa. Mukiona mbegu yenye rangi ya ajabu, pinki ama nyekundu ya unga unga yenye inabaki ku vidole, hiyo imepakwa dawa ya kuua kuvu na wadudu. Haioshwi ikaliwa, hata ukiichemsha mara mbili. Kwa familia zenye njaa mimi siwezi kuipeleka, nanunua mbegu safi bila dawa, inatosha.

Turudi ku udongo. Munajua mu Bushi, inchi ya Bashi, kuko kalinzi na kuko bwasa. Kalinzi ni ile ya kudumu, mgeni hataipata leo wala kesho. Yenye familia zenu zinaweza kupata ni bwasa, kukodi kwa muda mfupi, mara nyingi sezoni moja, unalipa na makuta (pesa) ama na sehemu ya mavuno, na haupande kitu ya kukaa miaka kama migomba ama miti juu mwenye shamba ataona unataka kumunyanganya. Sasa mambo yenye inarudia rudia ni hii: mwenye shamba anapeana kipande chenye kilikuwa pori, mkimbizi anakifyeka, anangoa mizizi, anatia mbolea ya ngombe, anavuna mara moja, sezoni yenye kufuata mwenyewe anasema asante, naomba shamba yangu. Kisheria ya desturi hana kosa. Lakini umemulimisha mutu bure.

Kwa hiyo kabla ya mbegu, karatasi. Haiombe avoka (mwanasheria). Iandikwe jina ya mwenye shamba na ya mwenye kulima, ukubwa (mupime na kamba, mita 20 kwa 25, watu wote wakiangalia), idadi ya sezoni, mimi naomba tatu, nikikosa kabisa mbili, kitu gani itapandwa, na mwenye shamba atapata nini. Chef wa lokalite atie sahihi, na bibi wa mwenye shamba akuwe pale pia, juu mara nyingi njo yeye alikuwa analima kile kipande na hakuna mutu alimuuliza. Muzuri zaidi, bei ya bwasa musiilipe yote na makuta: mupe mwenye shamba naye kilo 4 za mbegu na jembe moja. Hiyo inatuliza wivu. Kumbuka zile nyumba zenye ziliwapokea wakimbizi nazo zilikuwa na unga wa watu saba, leo zinalisha kumi na tatu, na hakuna ONG (shirika la misaada) imeandika majina yao mu listi. Hata kule Lusenda mu Fizi, kwenye wakimbizi wa Burundi wako tangu 2015, kulima kunaanza na kuuliza udongo ni wa nani.

Tarehe. Sezoni B kwetu inapandwa toka katikati ya mwezi wa pili mpaka katikati ya mwezi wa tatu, alafu mvua inapungua mwezi wa tano na kiangazi kinaingia mwezi wa sita. Maharagi mafupi ku urefu wa Kavumu yanaomba siku 80 mpaka 100. Ukipanda mwisho wa mwezi wa tatu yatatoa maua wakati mvua inafunga, utavuna majani. Kwa hiyo mukifika tarehe 15 ya mwezi wa tatu karatasi za bwasa hazijatoka, muache mbegu ya maharagi kabisa, pesa iende ku chakula na ku mboga, na mbegu munangojea sezoni A mwezi wa tisa. Nawaambia hivi juu nimeona mbegu ya ba ONG inafika mwezi wa tano na mabango na picha, watu wanapokea, wanapiga makofi, wanapeleka moja kwa moja ku sufuria, na walikuwa na haki.

Namna ya kugawa ile dola 3,000: zaidi ya nusu itaenda ku chakula, na najua ba mama wa mbegu watashangaa. Musijaribu rasio nzima. Nusu rasio, wiki mbili wakati wa kupanda na wiki mbili wakati wa kupalia, juu hizo njo wiki zenye mama akienda kubeba mizigo ya watu ku soko ili ale, shamba inabaki peke yake. Hiyo ni unga karibu kilo 34, maharagi 10, mafuta kilo 2 na nusu kwa familia, kwa jumla ya hizo wiki nne. Unga mutie wa mahindi, si wa muhogo peke yake. Najua Bukavu tunapenda fufu ya muhogo lakini protini yake ni karibu na hakuna, na watoto wa huko tayari wako karibu na bwaki (ugonjwa wa kukosa chakula yenye protini). Mafuta musiyakate juu ya bei, wengi wanakata mafuta kwanza, kumbe kijiko ya mafuta kwa mtoto inabeba nguvu kuliko unga mara mbili. Bei ikikataa, punguzeni siku za kula lakini zile wiki za kupanda musiziguse.

Kama soko ya Kavumu iko na maharagi ya kutosha nunueni pale pale ku walimaji wa pale, musibebe kutoka mjini. Munaweza hata kutuma makuta ku simu ya mama wa familia anunue mwenyewe, wengi watapenda, lakini siku barabara imefungwa ama soko iko tupu makuta inapandisha bei tu na hata jirani mwenye hakupata anaumia.

Mbegu munatoa wapi? Karibu, na urefu moja. Mahindi na maharagi ya tambarare ya Ruzizi yamezoea joto, ukiyapandisha Kavumu yanachelewa na kuugua. INERA Mulungu, kituo cha utafiti wa kilimo, iko pale pale Kabare, muulize wao ama vyama vya walimaji wa mbegu wenye wanafanya kazi nao, kuko aina zenye ziko na chuma nyingi, nzuri kwa ba mama wenye mimba na watoto wa damu kidogo. Mukikosa, maharagi ya soko yenye kukomaa vizuri, ya mwaka huu, yenye ba mama wa Kavumu wenyewe wanasema wanapanda, inafaa. Lakini mujaribishe. Chukua mbegu 20 bila kuchagua, zilaze ku kitambaa ya maji, kunja, tia mu sahani nyumbani, iloweshe kila siku. Siku ya saba hesabu zenye zimetoa mzizi. Zikiwa chini ya 16 urudishie mwenye kuuza saki yake. Hiyo inaomba kitambaa na wiki moja, na bado watu wananunua kilo mia bila kuifanya.

Watu watawaambia pia mupande maharagi ya kupanda juu ya miti juu yanazaa zaidi. Ni kweli, shamba ndogo inapenda hayo. Lakini hektari 2 (ari 5 mara familia 40) zinaomba miti maelfu na maelfu ya mita 2, na pori ya karibu pale munaijua, ni Parke ya Kahuzi-Biega. Mukimtuma mkimbizi kukata miti ya parke mumemutengenezea shida na walinzi, na na wenyeji pia. Sezoni ya kwanza mafupi, mu mwaka wa pili ataweza kupandishia ku mahindi ama ku miti yenye amepanda mwenyewe ku mpaka kama mwenye shamba anakubali.

Mboga njo kitu mimi ningeongeza bila kufikiri mara mbili. Lengalenga inakatwa wiki ya tatu ama ya nne, inarudi, unakata tena, mbegu yake ni kiganja tu. Mwenye hana hata ari moja atumie saki: unajaza udongo na mbolea ya kuozesha, katikati unasimamisha nguzo ya mawe madogo madogo ili maji ishuke mpaka chini, unatoboa matundu pembeni, unapanda juu na pembeni, unamwagia maji ya kuoshea sahani. Goma ku mawe ya volkano kuko watu wanakula mboga hivyo. Viazi vitamu vya rangi ya machungwa pia, kamba zake unaomba bure kwa jirani mwenye alipanda, matembele (majani yake) inaanza kuliwa mbele na viazi vyenyewe kisha miezi nne ama tano toka kupanda. Muhogo musianze nao, unaomba mwaka na zaidi mu shamba yenye si yako, na ukibeba miti yake kutoka shamba yenye mozaiki umebeba ugonjwa. Mutu akiomba kitu ya kufuga, dende (cobaye, simbilisi). Dume moja na majike manne ku pembe ya nyumba, wanakula majani na maganda, wanazaa kila miezi mbili na kidogo, mavi yao inarudi ku lengalenga, na siku ya kukimbia tena unawatia mu kikapu.

Kuko watu wenye mbegu haiwahusu: mzee wa peke yake, mutu mwenye kilema chenye kinamukataza jembe, mama mwenye amezaa juzi. Hao mupatie rasio nzima kwa wiki zote nne bila kuwaomba walime, na mboga ya saki kama wanataka. Na mtoto mwenye miguu imevimba, nywele zimegeuka rangi, ama mkono wake ku kile kipimo cha rangi chenye kinazungushwa ku mkono wa juu uko chini ya milimita 115, ile sehemu nyekundu, huyo hatibiwi na unga wenu. Muende naye ku kituo cha afya leo, si siku ya kugawa. Ile pakiti ya karanga yenye wanapeana huko ni ya bure, mukikuta inauzwa ku soko musinunue.

Listi ifanywe mbele ya watu na isomwe kwa sauti, nani ameingia na juu ya nini. Mukiwacha chef peke yake aandike mutapata ndugu zake, mukiandika ninyi peke yenu mutapata wenye kujua kulia vizuri. Kadi ya familia muandike kwa jina ya mama. Na musemeni wazi siku ya kwanza, wanaume wote wakisikia: hii kitu ni ya bure, hakuna franga ya kuingia mu listi, hakuna msichana kuitwa mahali jioni "kukamilisha listi". Mutu akiomba hiyo watu wajue ni mama gani wa chama wa kumwambia. Unga usilale mu nyumba ya mutu. Mufike asubuhi, mugawe, saa sita kila moja amerudi kwake na mwangaza.

Majembe: moja kwa familia, bila mpini, mipini wanajua kuchonga wenyewe.

Na AVEC yenu iko na kazi moja mwisho wa sezoni. Kila familia yenye itavuna irudishe kilo 5, bila faida yoyote juu, ziwekwe mu mabidoni makavu yenye yamejaa mpaka shingoni na kufungwa ngangari, hapo kamdudu kenye kanatoboa maharagi kanakosa hewa kanakufa bila dawa. Hiyo njo mbegu ya mwezi wa tisa. Mwenye mavuno yake imekufa juu ya mvua ama juu amekimbia tena harudishi kitu, na musimufuate.

Kwa kikao chenu cha kesho basi, musipige kura ya unga ama mbegu. Mutume ba mama wawili Kavumu, moja wa upande wa unga, moja wa upande wa mbegu, waende wakaongee na wenye mashamba na na chef, warudi na majina. Karatasi zikitoka 25 tu, mununue mbegu kilo 100 tu kwa hizo familia 25, tena muongeze ya wenye shamba, na zile 15 zenye zimebaki mujipange nazo kwa saki za mboga na chakula mpaka sezoni A.